Gale ya Gari ya Masista

Likasi, Jumamosi alasiri

Mama yangu mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristu. Shikamoo Mama. Shikamoo tena, maana ya kwanza imeingia doa la grisi na mdogo wangu Yasinta, anayekusomea, huenda akashindwa kuisoma. Magoti yanaendeleaje? Lile la kushoto bado linakutabiria mvua? Na paa la jikoni, mjomba amelipiga bati kama alivyoahidi, au bado anaahidi? Niambie yote, hata ya mbuzi. Nikiyafikiria mambo ya hapo nyumbani napata pumzi.

Sisi huku ni wazima wa mwili. Mke wangu Ngalula ni mzima, na mjukuu wako Restituta, ambaye hujawahi kumwona, ni mzima pia. Ana miaka mitatu na amechukua jina lako pamoja na ubishi wako wote. Kuhusu roho, Mama, sitakudanganya. Ninaogopa. Nimekuwa nikiogopa kwa wiki nyingi, lakini leo naogopa kwa namna nyingine, na nimekaa niandike ili hii hofu ipate kazi ya kufanya.

Yasinta, mdogo wangu, msomee Mama taratibu. Ukifika mahali pa vyuma usiruke. Najua tabia yako.

Mama, mji huu si ule niliokusimulia. Kazi za mgodi zimekufa moja baada ya nyingine. Umeme wa bwawa la Mwadingusha unakuja na kuondoka kama mgeni aliyekasirikia chakula. Na watu wakishakosa mkate hutafuta wa kumlaumu. Wameamua ni watu wa asili ya Kasai, jimbo jingine la nchi hii hii. Ngalula amezaliwa hapa hapa Likasi. Baba yake aliletwa na treni akiwa kijana, kuja kufanya kazi mgodini, na kaburi lake liko hapa. Yeye Ngalula hajaiona Kasai hata kwenye picha. Lakini jina lake linatosha. Wanawaita wadudu. Vijana niliowazibia pancha za baiskeli bure wanapita barabarani wakiimba kwamba wadudu warudi kwao.

Wiki mbili zilizopita tuliamka tukakuta mlango una msalaba wa makaa, alama ya nyumba yenye Mkasai. Nikausugua kwa sabuni na mchanga mpaka ukatoka. Asubuhi iliyofuata ulikuwa umerudi, mkubwa zaidi.

Utauliza, kwa nini msipande treni kama wenzenu? Tulijaribu. Tulikaa stesheni siku sita, tumelala kwenye saruji na watu wasiohesabika, na treni haikuja. Restituta akashikwa na tumbo la kuhara. Mwanamke aliyelala karibu nasi alimpoteza mwanawe, wa umri uleule. Ngalula akasimama. Akamfunga mtoto mgongoni, akabeba sufuria yetu, akasema kwa Kiswahili cha huku, "Deo, minye hapa sitabakia. Kama ni kufa, nitakufa mu nyumba yangu." Tukarudi kwenye msalaba wetu.

Hapo ndipo akaja Papa Mwansa. Ni mtu wa hapa hapa, si Mkasai, jitu kubwa lenye sauti ya kuita mtu aliye Kakanda, mji mwingine kabisa. Ana minibus ya dizeli. Anawapeleka watu mpaka Kasumbalesa, na ukishavuka hapo uko Zambia. Kutoka huko Ngalula atatafuta gari la kwenda Mpulungu, na Mpulungu kuna meli ya kuja Kigoma. Kwako, Mama. Nimemwambia akifika bandarini aulize njia ya Gungu, kwa Mama Deo.

Makubaliano yetu na Papa Mwansa ni haya: mimi nimbadilishie mkanda wa taimingi, yeye ampe Ngalula kiti kimoja, mtoto akae mapajani. Viti vingine vyote vina wenyewe. Gari likirudi salama, safari ya pili napanda mimi. Mimi jina langu si la Kasai, naweza kungoja kidogo. Kwa hiyo barua hii haipiti posta, posta yenyewe ilishakufa. Itakuja ndani ya blauzi ya Ngalula.

Sasa nikueleze huo mkanda, maana safari yote imening'inia hapo. Unakumbuka wewe na shangazi mkitwanga katika kinu kimoja? Mchi wako unapanda, wake unashuka, na hamgongani kwa sababu mmeshika mdundo mmoja. Ndani ya injini hii ni hivyo hivyo. Pistoni zinapanda, valvu zinashuka, na anayeshika mdundo ni mkanda mmoja wa mpira wenye meno. Ukikatika, michi inagongana. Injini inakufa palepale, na haifufuki kando ya barabara.

Na barabara hiyo, Mama, ina bariyeri. Vijana wanalaza gogo, wanachungulia nani yumo. Gari linalotembea, Papa Mwansa anaweza kulipitisha kwa maneno na sigara. Gari lililokufa mbele ya gogo, watu watashushwa na kuulizwa majina yao mmoja mmoja.

Basi ndiyo kazi niliyopewa. Na ninaifanya peke yangu, kwa sababu fundi wangu mkuu, Papa Mukendi, aliyenifundisha yote kwa miaka minane, naye ni wa Kasai. Alipata treni mwezi uliopita. Aliniachia funguo za gereji na spana zake, akanishika mkono muda mrefu. Mzee yule alikuwa na sheria yake: "Nyuma ya mukanda kuko familia moya. Unazika moya, unazika bote." Yaani gale, ndiyo kile kigurudumu kinachoukaza mkanda, na pompa ya maji, na sili zinazozuia oili isivuje, vyote vilikuwa vinatoka siku moja na mkanda, hata kama kingine bado kizima. Maana mkanda mpya ukikazwa na kigurudumu kibovu si mpya tena.

Hiyo ilikuwa sheria ya siku za neema. Papa Mwansa ameniletea mkanda mpya kutoka Zambia, aliuficha ndani ya nguo za mtoto. Ameniletea na gale moja ndani ya kiboksi chake, ameipata sokoni hapa. Pompa hakuna. Sili hakuna. Nimezunguka mji mzima, hakuna. Kwa hiyo ilinibidi niamue mwenyewe nani azikwe na nani aachwe hai.

Nilianza na pompa. Ile ya gari ilikuwa inatoa machozi, tone tone, na ukiitikisa shafti yake inacheza. Nyuma ya gereji kuna minibus nyingine ya injini kama hii, ilipata ajali zamani, imebaki mifupa. Nikaifungua pompa yake, nikaitikisa, haichezi. Nikaichukua. Gasketi nikaikata kwenye karatasi ya mfuko wa sementi ya Kakontwe, nikaipaka grisi. Papa Mwansa akatazama, akauliza, "Mufuko ya sementi njo itashika maji?" Nikamwambia imeshika sementi, maji yatakuwa nini. Akacheka. Tulikuwa bado tunacheka asubuhi hiyo.

Sili ya mbele ilikuwa imechoka, inatema oili, na oili ndiyo inayokula mpira wa mkanda. Ya lile gari la ajali ilikuwa mbaya zaidi. Basi nikafanya alivyonionyesha Papa Mukendi: ndani ya sili kuna kispringi chembamba kama uzi, ukikikata kidogo na kukiunga tena, sili inaikumbatia shafti kwa nguvu mpya. Ni dawa ya muda. Nikasema muda ndio tunaoutaka, hadi mpakani na kurudi.

Ikabaki gale. Hapo sikufikiri hata kidogo, Mama. Ya zamani ilikuwa na sauti kavu ukiizungusha. Ile ya kwenye kiboksi niliizungusha kwa kidole karibu na sikio, ikazunguka kimya, laini, inang'aa. Nikaifunga. Nikavalisha mkanda, nikalinganisha alama zote, nikauzungusha mtambo kwa mkono mara mbili, nikafunika kila kitu, nikakaza bolti ya mwisho. Papa Mwansa akaenda kutafuta dizeli. Nikanawa mikono. Nilijisikia mwanamume.

Kuna desturi katika gereji yetu. Papa Mukendi hakutaka mteja aseme ameibiwa. Kwa hiyo kifaa cha zamani kikitoka, tulikifuta, tukakiweka ndani ya boksi la kile kipya, na mteja akaenda nacho nyumbani awe na ushahidi. Na ndani ya mfuniko tuliandika kwa penseli kimetoka gari gani na kilikuwa na ugonjwa gani. Mwandishi nilikuwa mimi, kwa sababu ya huu mwandiko mzuri ulionichapia fimbo. Watu wa Likasi walivipenda vile viboksi. Waliviweka chini ya vitanda pamoja na vyeti vya ubatizo.

Basi leo nami nikachukua gale ya zamani ya Papa Mwansa, nikaifuta, nikachukua kiboksi ili niitie ndani kama desturi. Asubuhi niliufungua mfuniko nusu tu; sasa nikaufungua hadi ndani kabisa, niandike.

Palikuwa pameandikwa tayari. Kwa penseli, kwa mwandiko wangu, zile L zangu zenye mkia: *Gari ya Masista. Gale inalia. Isirudi barabarani.*

Yasinta, rudia hapo ili Mama asikie vizuri.

Nilikaa chini kwenye mafuta. Nilikumbuka gari lenyewe, la masista wa zahanati, miaka mitatu au minne iliyopita. Nikakumbuka jinsi Papa Mukendi alivyoizungusha ile gale akakunja uso. Tuliirudisha ndani ya kiboksi kwa uaminifu wetu. Halafu njaa ikaja. Viboksi vikaanza kutoka chini ya vitanda vya watu, kimoja kimoja, kwenda sokoni. Nani angefikiri? Desturi yetu ya kumwonyesha mteja kwamba hatukumwibia ndiyo imempatia mwizi boksi zuri la kuuzia mfu. Na mimi, niliyeandika isirudi barabarani, nimeirudisha barabarani kwa mikono yangu, chini ya miguu ya mke wangu na mtoto wangu.

Sasa nitakuambia jambo la aibu. Nilikifunga kile kiboksi nikakitia mfukoni.

Nilijiambia boksi si gale, labda mtu ametia nyingine humo. Nilijiambia ilizunguka kimya. Nilijiambia nikifungua tena injini Papa Mwansa ataona mimi si fundi, atampa kiti mtu mwingine, na wenye kukitaka kiti hicho wako mia. Kuondoka ni kesho alfajiri. Jumapili ndiyo siku nzuri, vijana wa bariyeri wanakuwa wamelala na pombe ya Jumamosi. Tukikosa kesho sijui tutapata lini. Yote hayo ni kweli, na yote yalikuwa ni hofu inayotafuta nguo ya kuvaa. Mama, ningenyamaza. Nakuapia, nilikuwa nimeshanyamaza.

Ngalula akaja na bukari, ugali wa huku, na majani ya viazi, mtoto mgongoni. Akalizunguka gari, akaligonga kwa kiganja kama mtu anayenunua tikiti maji.

"Iko namna gani?"

"Iko muzuri," nikasema.

Akakaa kwenye tairi, akaanza kunimegea. Wiki zote hizi Ngalula halali. Anakaa kitandani anausikiliza mlango. Macho yamekuwa mekundu, uso umekuwa mdogo. Akaniambia, "Unajua, Deo, kesho mu njia minye nitalala. Nitalala kabisa, mpaka Lubumbashi. Bengine baogope. Minye, kama ni weye njo umetengeneza, siko na wasiwasi."

Nikaliweka tonge chini. Nikatoa kile kiboksi mfukoni, nikampa asome. Ngalula amesoma kwa masista haohao, alisoma mara moja tu.

Nilidhani atalia au atanitukana. Alinitazama, akatazama gari, akakifunga kiboksi polepole.

"Sasa unangoja nini? Fungula."

"Na Papa Mwansa?"

"Papa Mwansa minye nitamuambia. Weye fungula."

Nilikuwa nimetoa bolti nne aliporudi na dumu lake. Heeh! Sauti yake ilisikika hadi reli. "Weye unafanya nini? Gari yangu unaifungula tena? Saa hii? Unataka tukufe hapa?" Ngalula akasimama mbele yake na mtoto mgongoni, kichwa chake kinamfikia yule jitu kifuani, akamsomea maneno ya kwenye mfuniko. Kisha akasema, "Ni mukono ya bwana yangu. Ni yeye njo aliandika."

Papa Mwansa akashusha dumu. Akakisogeza kile kiboksi karibu na macho yake, akakigeuza, akakigeuza. Halafu akakaa kwenye ile tairi, jasho linamtoka, na kwa mara ya kwanza nikaona naye anaogopa kama mimi, anaficha kwa kelele tu.

"Yule muntu ya soko aliapa kwa mama yake," akasema. "Deo. Minye njo nashika usukani. Kama itakatika, minye njo wa kwanza. Na hawa bantu, banatoa kila kitu yabo banipatie. Tosha ile takataka."

Tukaitoa. Nikaiosha kwa petroli mbele yao wote wawili. Grisi nzito ikatoka, nyeusi, nyingi, zaidi ya kawaida. Mama, grisi nzito inamnyamazisha mgonjwa. Ilipokauka nikaizungusha tena, ikakwaruza kama changarawe kwenye bati. Papa Mwansa akajishika kichwa. Ngalula akapiga ishara ya msalaba.

Basi ikabaki ile ya zamani, iliyotoka kwenye gari lenyewe. Nikaitikisa: haichezi. Nikaibandua kifuniko chake kwa wembe, nikaiosha. Ndani kukavu, gololi zimechoka lakini hazijachubuka. Nikaijaza grisi mpya, kidogo kwa kiasi, kwa kidole, na Ngalula akawa ananishikia. Wewe hupenda kusema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nimeyasema maneno hayo leo kwa sauti, na Papa Mwansa akaomba nimwambie maana yake, kisha akayarudia mwenyewe mara mbili.

Sasa imefungwa. Injini imewaka. Lakini ile gale imetembea miaka ambayo hakuna aijuaye, na ina ka-sauti, kembamba, kakavu. Sheria ya Papa Mukendi ni kuzika familia nzima, na mimi nimemrudisha mzee kazini. Sijui, Mama. Nimechagua tu kati ya kibaya ninachokijua na kibaya kilichojipamba. Naacha hapa kidogo, Ngalula anafunga mizigo na anahitaji mikono.

Jumapili asubuhi

Mama, kumekucha. Minibus iko mlangoni na inanguruma, Papa Mwansa amekataa kuizima. Amesema haitazimwa hadi Kasumbalesa. Naandika kwenye goti, sikio moja liko kwako na jingine kwenye injini.

Watu wamefika mmoja mmoja bila kusalimiana. Mwalimu mmoja mzee amevaa suti yake nzuri, na juu yake koti la mvua ili suti isionekane. Wameniuliza, "Fundi, iko sawa?" Nimewajibu iko sawa. Sikuwaambia habari ya kiboksi. Sijui kama ni uongo. Wewe utaniambia.

Ngalula nimempanga nyuma ya dereva, karibu na mtambo. Kabla hajapanda nilimwekea bisibisi ndefu sikioni, ncha nyingine kwenye chuma, kama tunavyopima sisi mafundi, nikamwonyesha ile sauti. Aliisikiliza kama anavyosikiliza kifua cha mtoto akikohoa. Nikamwambia, sauti hii ikibaki hivi, vizuri. Ikianza kukwaruza kama ile ya jana, mwambie Papa Mwansa azime mara moja, hapohapo, porini, kabla ya bariyeri, kabla mkanda haujakatika. Amenijibu, "Nimeishika." Halafu akasema, "Donc sitalala," yaani basi, hatalala. Nikamwambia nisamehe. Akasema, "Hapana. Ni muzuri kujua."

Restituta ameng'ang'ania shati langu na vidole vyake vina grisi yangu. Nimemwambia anakwenda kwa bibi mwenye jina lake. Ameuliza kama bibi ana bukari. Nimemwambia ana migebuka na mawese. Amekubali kuniachia kwa sharti hilo.

Nisalimie mjomba, kaka yako mzee wa ahadi, na umwambie bati la jikoni silisahau. Nisalimie shangazi mtwanga mwenzako, na mama wa jirani aliyenikata kitovu, na Baba Paroko aliyenibatiza kama bado yupo. Wewe Yasinta, mlaze wifi yako. Usimwulize kitu siku ya kwanza, mpe maji ya kuoga na umlaze.

Jambo moja la mwisho. Ndani ya mzigo wa Ngalula kuna kile kiboksi, na ndani yake ile gale ya masista. Huku hakuna kinachotupwa kikabaki kimetupwa. Ningeizika ingefukuliwa, ikasuguliwa, ikauzwa kwa baba mwingine. Nimemwambia meli ikifika katikati ya ziwa, penye kina, aitose. Akiwa amesahau, Yasinta, peleka wewe, ukakodi mtumbwi, ukaitose mbali.

Papa Mwansa ananiita nifunge mlango. Mama, mimi nitakaa hapa kwenye kizingiti na kusikiliza mpaka mlio upotee, na baada ya hapo sitajua kitu. Lakini wewe unayesikiliza barua hii unajua tayari. Kama Yasinta amefika hapa kusoma, basi gale ilishika. Mshike Ngalula na wewe, nakuomba, mpaka nije.

Mwanao akupendaye na kuogopa,

Deo